Ziara ya mnara, Kanisa Kuu la Salisbury: anza na nguzo zilizopinda

Wengi wakishaingia Kanisa Kuu la Salisbury, kusini mwa Uingereza, hukimbilia ngazi za mnara au nakala ya Magna Carta, hati ya kale iliyowekea mipaka mamlaka ya mfalme wa Uingereza. Ushauri wangu ni kuanza kwingine. Jengo lina umbo la msalaba: nenda mpaka pale mikono yake inapokutana, chagua moja ya nguzo nne kubwa, ifuate kwa macho kutoka sakafuni hadi juu kama fundi anayetazama timazi. Imepinda, na huhitaji kipimo kuliona hilo. Ziara ya mnara ni nzuri mno, lakini asiyeziona nguzo hizi kwanza atapanda ngazi 332 bila kujua anachopandia.

Jengo hili halikukusudiwa kubeba mzigo lilio nao. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1220, Askofu Richard Poore alipoliacha kanisa la zamani la Old Sarum, juu ya kilima chenye upepo mkali na shida ya maji, akahamia kwenye mbuga kando ya mto Avon. Kanisa likawekwa wakfu mwaka 1258. Miaka 38 ni muda mfupi sana kwa kazi kama hiyo, ndiyo maana ndani kuna mtindo mmoja tu, Kigothi cha mwanzo cha Kiingereza: matao membamba yaliyochongoka, madirisha marefu, mapambo machache. Makanisa makuu mengi ya Uingereza yamechanganya mitindo ya karne tatu au nne. Mimi naupenda utulivu huu kuliko fahari ya mengine.

Mwanzoni katikati palikuwa na mnara mfupi tu uliochomoza kidogo juu ya paa. Karne ya 14 ilipoanza, waashi wakauongezea ghorofa mbili, na juu yake wakasimamisha ncha ya mawe yenye pembe nane. Kimo chake chote ni mita 123, hakuna ncha ya kanisa ndefu kuliko hiyo nchini humo. Uzito ulioongezeka ni kama tani 6,500. Nao msingi una kina cha takriban mita 1.2 tu, juu ya tabaka la changarawe lililolowa maji. Waulize waongozaji kuhusu tundu lililo sakafuni: hutumbukiza kijiti kupima maji yamefika wapi chini ya jengo.

Ukisimama hapo hapo katikati, geuka utazame njia walizotumia kuuokoa mnara. Kwenye mikono midogo ya mashariki kuna matao ya kuzuia, moja limepinduliwa juu ya jingine. Kwenye mikono mikubwa, karne ya 15 walijenga matao ya mawe kukatiza nafasi ili nguzo zisisukumwe kuelekea ndani. Nje kuna matao ya kuegemeza. Mwaka 1668 mbunifu wa majengo Christopher Wren aliitwa kukagua, akakuta ncha imeinama kuelekea kusini-magharibi kwa sentimita 75 hivi, akashauri ifungwe kwa mikanda ya chuma. Alama iliyo sakafuni inaonyesha ncha inapoangukia kwa timazi. Wageni huikanyaga bila kuiona, kwa hiyo tazama chini.

Jambo moja zaidi kuhusu nguzo: zile fito nyeusi zinazong'aa zinaitwa marumaru ya Purbeck, ingawa si marumaru halisi. Ni mawe ya chokaa yaliyojaa makombe ya konokono wa maji baridi, yanayokubali kung'arishwa. Fito hizo zimesimamishwa wima, kipande kirefu kwa kipande, huku kuta zikiwa za mawe ya kijiji cha Chilmark yaliyopangwa safu kwa safu kwa chokaa. Safu zenye chokaa hujibana zikilemewa, fito hazijibani, basi hupinda au kupasuka.

Sasa panda. Ziara huchukua kama dakika 90, kwa kikundi kidogo na mwongozaji. Ngazi za mawe ni za mzunguko na nyembamba, mabega mapana yatagusa ukuta pande zote mbili. Begi la mgongoni ni usumbufu, kandambili ni hatari. Mwenye kizunguzungu cha urefu au magoti mabovu abaki chini, kwa sababu katikati ya ngazi hakuna pa kupishana. Jihadhari na kengele za saa: ukizikaribia zinapogonga, ziba masikio.

Sehemu ninayoithamini kuliko zote ni darini, juu ya ukumbi mkuu. Hapo unayaona matao ya dari kwa upande wa mgongo, yamefunikwa kwa kifusi na chokaa, na juu yako kenchi za mbao. Kisha mikanda ya chuma ya kale iliyofungwa ndani ya mnara. Mwisho unafika chini ya ncha, takriban mita 69 kutoka ardhini, unatazama juu ndani ya kiunzi cha mbao ambacho mafundi wa karne ya 14 walikitumia kama jukwaa wakakiacha humo humo. Kuna pia gurudumu kubwa la mti la kupandishia mawe. Wageni hawaendi juu zaidi. Mafundi hupanda ngazi za mbao mpaka kwenye kimlango kidogo karibu na kilele, kisha humalizia kwa nje. Milango minne ya chini hutoka kwenye vibaraza, na ukibahatika utawaona kozi wanaotaga mnarani.

Ukishuka, usiipite saa ya chuma iliyo chini, ambayo kwa kawaida husemwa ni ya mwaka 1386, ingawa wataalamu bado wanabishana. Haina uso wala mishale, kazi yake ni kugonga saa tu. Fremu yake imeshikwa kwa kabari, haina skrubu. Zamani ilikaa kwenye mnara wa kengele uliosimama peke yake uwanjani, ambao mbunifu wa majengo James Wyatt aliubomoa mwishoni mwa karne ya 18. Katika matengenezo hayo hayo vioo vingi vya kale vilitupwa. Kwangu hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote zilizolipata jengo hili, kwa maana kupinda kwa nguzo kumezuiwa, vioo havirudi.

Magna Carta ya 1215, moja ya nakala nne zilizobaki, iko kwenye ukumbi wa pembe nane wa baraza la makasisi. Maandishi ni madogo na mwanga ni hafifu, dakika tano zinatosha. Muda uliobaki upeleke nje, kwenye ukuta wa uwanja: baadhi ya mawe yake yana nakshi za kanisa la Old Sarum, yaliyobebwa kutoka kilimani na kutumika upya.