Pakeji ya Zanzibar kutoka Mbeya, kumbukumbu ya utumwa: nimeenda, nimerudi, nawaambia

Naandika hii maana kazini nimeshaulizwa kama mara kumi ile safari ilikuaje. Ni pakeji ya siku nne, jamaa wana kaofisi kadogo Mwanjelwa, jina silitaji kwa sababu mtaziona huko chini, wanakusanya watu wa Mbeya mjini, Tukuyu na Kyela, basi mpaka Dar, boti mpaka Unguja, mnakuwepo kule tarehe 23 Agosti, ile siku UNESCO waliyoitenga kukumbuka biashara ya utumwa na kukomeshwa kwake.

Nianze na kero niitoe moyoni. Tuliambiwa "kila kitu kimo", yani mtu analipa mara moja basi. Tunafika geti la Mkunazini, penye hiyo kumbukumbu ya utumwa, tunaambiwa kiingilio kila mtu na chake! Mama zetu wamevaa vitenge vipya vya safari wamepanga mstari juani wanafungua vipochi kuhesabu hela, mwenye pakeji anazunguka na simu sikioni eti mtandao haushiki. Nilikasirika sana. Basi lenyewe halina neno, foleni ya malori Kitonga hiyo mnaijua, chakula tulikula Ruaha Mbuyuni, tukafika Dar usiku tumechoka.

Ila Mkunazini bana. Kanisa la Anglikana wamelijenga pale pale lilipokuwa soko la kuuzia watumwa. Juni 1873 Sultani Barghash alisaini kulifunga, na hakusaini kwa kupenda, Waingereza walimtishia kuzuia kisiwa kwa manowari, halafu mwaka huo huo Krismasi wamisheni wakaweka jiwe la msingi. Altare imekaa ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa, chini sakafuni kuna duara la marumaru, na watu wanalizunguka, hakuna anayelikanyaga japo hamna kibao kinachokataza. Kuna na nguzo zimesimamishwa kichwa chini miguu juu, eti mafundi walizikosea Askofu Steere, msimamizi wa ujenzi, akiwa safarini, hapo ndo kundi letu lilicheka kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Vyumba vya chini mnaingia mmeinama, mimi si mrefu lakini mgongo niliukunja, tundu za hewa ni kama nafasi ya kupitisha kiganja. Sasa niwe mkweli, jengo lililo juu ya vile vyumba lilijengwa na wamisheni baada ya soko kufungwa, na wapo wanahistoria wanaobisha kwamba watumwa waliwekwa mle. Nilimuuliza mwongozaji, kijana mpole sana, hakuchukia, akasema na yeye ameshasikia hivyo na kila mtu asome mwenyewe. Hapo alipata pointi zake kwangu.

Nje kuna shimo la mawe, ndani yake sanamu za watu watano zilizochongwa na Clara Sörnäs wa Sweden, ziliwekwa 1998. Wamesimama, wanaonekana toka magotini kwenda juu, na minyororo iliyowafunga shingoni ni ya kweli, ile ya zamani, ina kutu. Mama mmoja wa Kyela, mtu mzima, akamuuliza yule kijana, "Mwanangu, hawa walitolewa wapi?" Akajibu, "Wengi walitoka Nyasa huko mama, wakapitishwa Kilwa." Mama akamwangalia. "Nyasa ipi, hii ya kwetu?" "Ndiyo mama, hiyo hiyo." Akakaa chini kwenye ukingo akavua kandambili, hakusema kitu mpaka tunaondoka.

Na hapo ndo penye lawama yangu kubwa, kuliko hata ya kiingilio. Tumesafiri siku nzima kwenda kusimuliwa habari iliyoanzia mlangoni kwetu, na kwenye basi hakuna aliyeshika maiki kutuambia kitu, tumewekewa vichekesho mpaka Chalinze. Karonga pale Malawi, ukivuka mpaka wa Kasumulu si mbali, ndo alikuwa Mlozi na biashara yake ya pembe na watu, Waingereza wakamnyonga 1895. Na ile 1873 huku bara haikumfungua mtu pingu. Mjerumani hakufuta utumwa, alichofanya ni kuamua watoto watakaozaliwa kuanzia 1906 wawe huru, mama zao wabaki hivyo hivyo! Aliyefuta kabisa kwa sheria ni Mwingereza, 1922. Bibi yangu mzaa mama kazaliwa 1925 Rungwe, yani miaka mitatu tu baada ya hapo, na nimekula ugali mikononi mwake. Hiyo 1922 nilivyoitaja kwenye boti wakati wa kurudi, mwenye pakeji akaniuliza ndo mwaka gani huo.

Nyota tatu na nusu. Hiyo nusu ni ya yule mwongozaji, hiyo apewe yeye, siyo ofisi. Wakianza kusimulia toka Mbeya hata kabla basi halijafika Igawa, nitalipa tena na mama yangu nitampeleka.

Ukienda: kiingilio ulizia na uandikiwe kwenye risiti, boti kama tumbo lako jepesi usile urojo kabla ya kupanda (yaliyonikuta nayajua mwenyewe), na koti usilifungie kwenye buti la basi wakati wa kurudi, Makambako mnapita usiku na dirisha la siti yangu lilikuwa halifungi.