Kurudia Maadili ya Aristotle: Nakala Ipi, Mwongozo Upi, na Uanzie Wapi

Habari zenu, watazamaji wangu wa Kampala, Arua, Jinja, Mbale na kote mlipo. Leo nina vitabu vinne hapa mezani: nakala tatu za kitabu kilekile na mwongozo mmoja wa kukisomea. Kitabu chenyewe ni cha Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kile cha maadili kinachojulikana kwa jina la Nicomachean Ethics. Uchambuzi wa leo ni wako wewe uliyekisoma mara moja, labda Makerere, labda seminarini Katigondo, ukafaulu mtihani, ukakifunga. Nataka ukifungue tena, na nataka ujue ni vifaa gani vitakusaidia na vipi vitakula pesa yako bure.

Nitangulize hukumu yangu ili mwenye haraka aondoke nayo. Kwa anayerudia, nakala bora ni tafsiri ya Terence Irwin iliyotolewa na kampuni ya Hackett, na mwongozo bora ni wa Michael Pakaluk, uliotolewa na Cambridge mwaka 2005. Ila kama una simu tu na bando la kuhesabu, usizime video. Kuna njia ya bure, na ni njia nzuri kweli.

Kwanza, kwa nini kitabu hiki huchosha watu wenye akili zao? Aristotle alifungua shule yake Athens, ile ya Lyceum, mwaka 335 kabla ya Kristo. Wataalamu wengi wanaona kwamba tunachokisoma ni maandishi ya kufundishia darasani, hakikuandaliwa kwa ajili ya msomaji aliyekaa peke yake nyumbani. Ndiyo maana hoja inakatika katikati, anaruka, anarudi nyuma, anakuahidi jambo halafu unalisubiri sura tatu nzima. Mwalimu aliyesimama mbele ya wanafunzi aliyajaza mapengo hayo kwa mdomo. Sisi mdomo huo hatunao. Kwa hiyo kipimo changu leo ni kimoja: kifaa hiki kinajaza pengo, au kinakusomea kitabu kwa niaba yako? Kinachokusomea, kiache dukani.

Sasa angalieni pembezoni mwa ukurasa huu. Mnaziona hizi namba? 1110a, halafu chini kidogo 10, 15, 20. Zinatokana na chapa ya maandishi ya Aristotle aliyoihariri Immanuel Bekker, Berlin, mwaka 1831: ukurasa wa 1110, safu ya kwanza, mstari wa kumi, na kuendelea. Kitabu kinaanza 1094a na kinaishia 1181b, bila kujali ni nani aliyetafsiri. Ukinunua nakala isiyo na namba hizi, makala na miongozo yote itakutaja mahali usipoweza kupaona. Kwangu hilo peke yake linatosha kuirudisha nakala rafuni.

Tuje kwenye tafsiri. Ya bure kabisa ni ya D. P. Chase, ya mwaka 1847, ipo Project Gutenberg, tovuti ya vitabu vya bure. Hakimiliki yake imekwisha zamani, kwa hiyo unaweza kuipakua, ukaipeleka Wandegeya kwa watoa kopi, wakakuchapia na kuifunga kwa waya, na hujamdhulumu mtu. Kiingereza chake ni cha kizamani, sentensi ndefu zinazokufanya urudi mwanzo kutafuta kitenzi kiko wapi. LibriVox, tovuti ya vitabu vya kusikiliza, wanacho kitabu hiki pia kwa sauti. Mimi naipendekeza sauti kwa sehemu ya urafiki tu, ukiwa kwenye foleni ya Jinja Road. Sehemu ya haki ukiisikiliza bila kuiona itakupita.

Ya pili ni ya W. D. Ross, iliyotoka kwanza mwaka 1925, na hii ninayoishika imepitiwa upya na Lesley Brown kwa ajili ya Oxford, 2009. Inasomeka kwa raha. Maelezo ya Brown ni mafupi na yanagusa penyewe. Mtu anayetaka kusoma jioni baada ya kazi, bila kalamu mkononi, achukue hii.

Na hii ya tatu ndiyo ya Irwin. Toleo la kwanza lilitoka 1985. La tatu ni la 2019. Sogeeni karibu muone ndani. Katikati ya sura ameweka vichwa vidogo vinavyokuambia hoja imefika wapi. Nyuma kuna maelezo ya sura kwa sura, halafu faharasa ndefu ya istilahi inayokuonyesha kila neno kubwa limetumika wapi na wapi. Kasoro yake? Lugha ni kavu, na vile vichwa vidogo ni vya Irwin, si vya Aristotle. Ukivizoea sana unaanza kudhani njia ya Irwin ndiyo njia pekee. Hata hivyo, kwa anayerudia, faharasa ile ina thamani kuliko utamu wa lugha.

Niwaonyeshe kazi yake kwa mfano mmoja. Kazi hii imegawanywa katika sehemu zinazoitwa vitabu; tufungue kitabu cha tatu, sura ya kwanza, hapa kwenye 1110a. Aristotle anauliza ni kwa matendo gani tunaweza kumsifu au kumlaumu mtu. Analeta mfano wa watu wanaotosa shehena baharini dhoruba ikiwa imewafika. Hakuna anayetosa mali yake kwa kupenda, lakini kila mwenye akili atafanya hivyo ili aokoe maisha yake na ya wenzake. Je, nahodha ametenda kwa hiari? Mara ya kwanza wengi wetu tunaipita hii kama kisa tu. Sasa iweke Ziwa Victoria, boti inatoka Entebbe kuelekea visiwa vya Ssese, imejaa kreti za soda na magunia ya sukari ya watu, ziwa linachafuka. Nahodha anatosa. Wenye mali wanamsubiri nchi kavu.

Jibu la Aristotle ni kwamba tendo hilo limechanganya hiari na shuruti, ila liko karibu zaidi na hiari, kwa sababu wakati ule ndipo lilipochaguliwa, na mkono ulioinua gunia ulikuwa wake. Hapo ndipo pengo lilipo. Kama ni hiari, mbona hatumlaumu? Soma mistari ile mara mbili bila msaada, andika jibu lako pembeni, kisha ndipo ufungue maelezo ya nyuma. Utakuta kwamba swali la hiari na swali la lawama yanakwenda pamoja lakini si swali moja: mtu anaweza kutenda kwa hiari na bado astahili sifa kwa hasara aliyoikubali. Na mistari michache mbele Aristotle anaongeza kwamba kuna mambo ambayo mtu hapaswi kuyafanya hata ashurutishwe vipi, afadhali afe. Ukiyasoma maelezo kabla, unapata jibu bila kuwahi kuwa na swali. Nawaomba sana, msifanye hivyo. Sura kwanza, msaada baadaye.

Vifaa vya bure mtandaoni nitavipitia haraka. Stanford Encyclopedia of Philosophy ina makala ya Richard Kraut kuhusu maadili ya Aristotle, iko wazi kwa kila mtu, na ni ndefu kweli. Tangu Julai 2021 bando letu linabeba ushuru wa asilimia 12, kwa hiyo ifungue ukiwa kwenye intaneti ya maktaba, uihifadhi kwenye simu, uisome taratibu. Tovuti ya Perseus ina tafsiri ya Rackham pamoja na Kigiriki chenyewe. Podikasti ya Peter Adamson, ile ya historia ya falsafa bila mapengo, inafaa kwa kujikumbusha. Muhtasari wa kurasa mbili wenye jedwali la fadhila na maovu yake, hapana. Jedwali lile linakuachia orodha, na kitabu hiki hakikuandikwa ili upate orodha.

Sasa, uanzie wapi? Ushauri wangu utawakera baadhi ya walimu: anza na kitabu cha nane na cha tisa, vya urafiki, ndipo urudi cha kwanza. Kazi nzima ina vitabu kumi. Haki imepewa kimoja, urafiki viwili. Aristotle anasema kuna urafiki wa manufaa, wa raha, na wa watu wema wanaopendana kwa jinsi walivyo. Katika kundi letu la kusoma, ambalo vitabu ni vya Kiingereza lakini mjadala ni Kiswahili kwa sababu tumetoka pande zote za nchi, jambo hili liliwasha moto. Mama mmoja anayeuza vitenge Owino aliuliza: wenzangu wa upatu, tunaopeana zamu ya pesa kila mwezi, hawa si marafiki? Jibu liko 1157a: Aristotle anakubali waitwe marafiki, kwa kuwa wanafanana na wale wa kweli. Na kwenye 1162b anasema malalamiko na ugomvi huzuka zaidi kwenye urafiki wa manufaa, kwa kuwa kila mmoja anahisi amepata pungufu ya stahili yake. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha upatu ambapo zamu imerukwa anajua hilo ni kweli tupu. Hapa Pakaluk ni msaada mkubwa, kwa sababu anakutembeza kwenye hoja hatua kwa hatua na kukuonyesha palipo dhaifu.

Kuna mahali pamoja ambapo sitaki mtu yeyote apite kimya. 1161b. Aristotle anamwita mtumwa chombo chenye uhai, na chombo ni mtumwa asiye na uhai, na kwamba hakuna urafiki naye kwa kuwa ni mtumwa. Mstari uleule anasema, lakini kwa kuwa ni mtu, urafiki unawezekana. Linaumiza, na linastahili kuumiza. Amekiona kitu chenyewe, kwamba yule ni mtu, na bado hakukifuata mpaka mwisho. Usikubali mwongozo unaokuharakisha hapa kwa kusema zilikuwa zama zake. Kaa nayo, halafu umwangalie binti anayekufulia na kukulelea watoto, mjiulize nyumbani mnamwita nani.

Basi, kwa bei: ukiwa na pesa ya kitabu kimoja tu, nunua Irwin, mwongozo uache kwanza, makala ya Kraut itakutosha. Mwanafunzi wa mtihani anayesoma mara ya kwanza, chukua Ross na Brown. Jumamosi ijayo hapa hapa tutasoma kitabu cha nane, sura ya kwanza hadi ya tatu. Njooni mkiwa mmeshasoma, na kila swali mlitakaloniandikia hapo chini liwe na namba yake ya Bekker, ili sote tufungue mstari mmoja.