Ruzuku ya mafunzo kwa vitendo: kwa vifaa safi, kwa muda mbovu

Ruzuku hii ya ndani ya chuo kimoja hapa Arusha inamlenga mhadhiri anayetaka wanafunzi washike kazi kwa mikono badala ya kunakili ubaoni. Fomu ni fupi, na kamati inauliza mambo mawili ya maana: mwanafunzi atafanya nini hasa, na kijiji kitabaki na nini. Hapo tunawapa heko. Shida huanza andiko la mradi likishapita.

Chukua mradi wa kuchuja floraidi, madini ya kwenye maji ambayo yakizidi hugeuza meno kuwa ya kahawia; ukanda wa Meru mradi huo hauhitaji kutetewa. Ngarenanyuki na Maji ya Chai, meno ya kahawia yanatosha kuwa ushahidi. Shirika la Afya Duniani linataka floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe unaishusha, ila uchomwe nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi, hewa ikiwa kidogo. Chini ya hapo maji yananuka na kuchukua rangi. Moto ukizidi, mkaa unapoteza uwezo wa kunasa floraidi. Wanafunzi wataharibu tanuru la kwanza, na ndilo litakalowafundisha, kwa hiyo weka kwenye bajeti mifupa ya kuchoma angalau mara tatu. (Na andika wazi kuwa ni ya ng'ombe wa machinjioni. Kijijini hilo ndilo swali la kwanza.)

Kwenye vifaa ruzuku iko vizuri. Elektrodi ya kupimia floraidi na myeyusho wake wa bafa vinapita NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, bila ubishi. Chupa za sampuli ziwe za plastiki, maana floraidi huingiliana na kioo na vipimo vikatoka pungufu.

Kinachokwama ni fundi. Tanuru la pipa huchomelewa na fundi wa mtaani asiye na TIN (namba ya mlipakodi) wala mashine ya EFD (ya kutoa risiti za kodi), na bila risiti ya EFD mhasibu hapitishi kitu. Nunua pipa, mabomba na kipimajoto dukani kwa risiti, kisha uchomeleaji ufanyike karakana ya chuo. Ukimpata fundi wa nje mwenye karatasi zake, mwambie mapema habari ya kodi ya zuio ya 5% inayokatwa kwenye malipo yake. Bei anayotaja ni ile anayotaka kuishika mkononi.

Dosari kubwa, hata hivyo, ni muda. Pesa hutoka kama masurufu, kwa awamu, na ya pili haitoki mpaka ya kwanza itolewe hesabu yote, hadi nauli ya bodaboda. Muhula una wiki 15 hivi za masomo. Andiko likipita wiki ya 4 na pesa ikaingia wiki ya 9, chujio linakamilika wanafunzi wako kwenye mitihani, na wakitoka hapo wanaenda fildi. Mhadhiri anabaki na ndoo zake na dereva wa Coaster. Omba muhula huu kwa kazi ya muhula ujao, na barua ya utambulisho iwe imeshapita halmashauri, kata na kijiji.

Kuna jambo moja ambalo fomu haina pa kuliandika: mkaa hujaa. Floraidi inapanda tena kimya kimya huku ladha ya maji ikiwa ileile, na ruzuku inaishia siku ya makabidhiano. Pesa ya kurudi kupima miezi 3 na miezi 6 baada ya makabidhiano iweke chini ya "tathmini". Ukiiita "matengenezo", inakatwa.