Kushuka Mlima Kenya: Chogoria au Naro Moru?

Umepanda kwa njia ya Sirimon, umelala kambi za Old Moses na Shipton's, jua limekuchomozea kileleni Point Lenana, mita 4,985. Sasa ushukie njia ipi?

Naro Moru ni fupi, na ukitoka getini uko karibu na barabara ya Nanyuki ulikoanzia, usafiri haukusumbui. Ila kuna lile tope la juu ya kambi ya Met Station. Buti linazama hadi kifundoni, ukilivuta linalia chwap!

Chogoria ni ndefu, hukuacha upande wa mashariki, mbali na Nanyuki, na hema lazima ubebe. Lakini ukisimama ukingoni ukaliona Ziwa Michaelson kule chini ya magenge, magoti yenyewe husahau kuuma. Mimi ni Chogoria, ila si Aprili, masika yakiwa yamekolea.