WD Elements 2TB baada ya mwaka mzima kati ya Windows, Mac na Ubuntu

Hii diski ya nje, sisi ofisini tunaiita eksteno tu, ninayo tangu Desemba ya mwaka juzi na haijawahi kulala kabatini hata wiki moja. Mimi napiga video za harusi, kipaimara na ubarikio hapa Moshi, ofisi ipo Majengo, na anayeijua Desemba ya huku anajua, watu wote wamerudi nyumbani, Ijumaa sendofu Himo, Jumamosi harusi Kibosho, Jumapili kipaimara na hujalala. Kupiga wala sio shida. Shida ni kwamba kazi moja inapita kwenye kompyuta tatu tofauti, mimi natumia Windows, chalii ninayefanya naye kazi yupo Njiro kule Arusha anatumia Mac na yeye ndo mtu wa rangi na sauti, alafu parokiani wanakotaka kurusha ibada kwenye projekta wana kompyuta ya Ubuntu, yaani Linux. Kutuma kwa intaneti usiniambie, harusi moja GB 120 mpaka 180, bando gani hiyo? Kwahiyo eksteno inapanda kosta asubuhi, kilomita kama 80, mchana mtu anaipokea Arusha, keshokutwa inarudi.

Nilinunua WD Elements ya 2TB, ile nyeusi ndogo ya inchi 2.5, haihitaji umeme wake, unachomeka waya mmoja basi. Ukiichomeka kwenye Windows inaonyesha 1.81TB na kuna watu hapo wanaanza kusema wameibiwa, hujaibiwa, Windows inahesabu kwa 1024 na Mac inahesabu kwa 1000, ukiipeleka kwenye Mac inasoma 2TB kamili. Diski ni ileile.

Sasa sikilizeni hapa kwenye fomati, yaani namna diski inavyopanga na kuandika faili, maana ndo penyewe.

Inakuja imefomatiwa NTFS, na WD wenyewe wanasema wazi ni kwa ajili ya Windows, wa Mac inabidi aifomati upya. Mimi nikachomoa kwenye boksi nikamwaga harusi nzima humo nikaituma Arusha. Saa tatu usiku simu inaita, "Kaka, faili zote naziona, zinafunguka vizuri, ila siwezi kusevu kitu humu, inakataa hata kutengeneza folda." Mac ndo ilivyo, NTFS inasoma lakini haiandiki, labda uweke programu ya ziada. Na yeye Mac yake ilikuwa imejaa, akakesha anafuta vitu vyake ili akopi kazi yangu, niliumia sana maana yeye hakuwa na kosa lolote.

Akasema basi kazi ikiisha nitakurudishia kwa diski yangu. Akanitumia, na ya kwake ilikuwa na fomati ya Mac, APFS, ambayo Windows haiijui kabisa. Dogo wa ofisini akaichomeka, mimi niko mlangoni namimina chai kwenye kikombe, nasikia anasema, "Bro, inasema niifomati ndo nitumie." Nikageuka, mshale wa mausi umeshakaa juu ya kile kitufe, kidole kipo kwenye mausi. Nikamwambia toa mkono dogo, toa mkono kabisa, usiguse. Chai ilimwagika mezani yote. Kulikuwa na harusi ya watu mle, na kopi nyingine hatukuwa nayo. Aisee, naomba kila mwenye eksteno alielewe hili, Windows ikikwambia diski inatakiwa ifomatiwe mara nyingi haimaanishi diski imekufa, inamaanisha haijui kilichoandikwa mle. Mac nayo ikikutana na diski ya Linux ya ext4 inakwambia haisomeki na inakuwekea kitufe cha kuianzisha upya. Kote huko unakataa, unaichomoa, unaipeleka kwenye kompyuta ilikotoka. Toka siku ile nimebandika selotepu ya karatasi mgongoni mwa eksteno nimeandika kwa makapeni IKISEMA FOMATI KATAA, PIGA SIMU.

Tulichofanya wiki ile ile ni kuhamisha kila kitu pembeni na kuifomati exFAT. Hiyo ni fomati ya Microsoft ya tangu 2006, Mac zinaisoma na kuiandika tangu 2010, na Linux imeingia kwenye kernel yenyewe, yaani kiini cha mfumo, mwaka 2019 baada ya Microsoft kutoa maelezo yake hadharani mwaka huohuo. Unabonyeza kulia kwenye diski, Format, unachagua exFAT, ile tiki ya Quick Format unaiacha, sekunde chache imeisha. Ukitoa tiki kwenye 2TB utakaa masaa. Na ufanye ikiwa TUPU, maana kufomati kunafuta kila kitu, ndo maana nasema ifanye siku unayoitoa dukani kabla hujaweka hata picha moja. Mimi nafomati kwenye Windows sio kwenye Mac, nimeona ndo haileti maneno kokote.

Parokiani kompyuta ilikuwa na Ubuntu ya 18.04, ikagoma kuisoma, tukaiwashia intaneti ya simu tukaweka programu ndogo mbili, exfat-fuse na exfat-utils, dakika tano, tangu hapo haijagoma. Ubuntu za sasa hivi hazihitaji hayo.

Ila exFAT sio malaika. NTFS ina kama daftari, inachotaka kubadilisha kwenye mpangilio wa faili inakiandika pembeni kwanza, umeme ukikatika ikiwaka inasoma daftari inajirekebisha. exFAT haina daftari. Mwezi wa nne nilikuwa nakopi ubarikio kutoka kwenye kompyuta ya mezani, umeme ukakatika, ulivyorudi folda moja inafunguka tupu na chalii kule Arusha akichomeka kwenye Mac inazunguka tu haitokei (Mac inakuwa inaikagua kimyakimya, ukiwa na haraka utadhani imekufa). Nikairudisha kwenye Windows nikaandika amri ya kukagua na kurekebisha diski, chkdsk E: /f (E ni herufi ya diski yangu), ikakaa kama nusu saa, folda ikarudi na faili zake isipokuwa ile moja iliyokuwa katikati ya kukopiwa. Ile nilikuwa bado ninayo kwenye kadi ya kamera. Ndo maana siku hizi kadi hazifutwi mpaka kazi iwe sehemu mbili, na hakuna anayechomoa waya kabla ya kubonyeza ile ya kuitoa kwa usalama, iwe Windows iwe Mac iwe Ubuntu, hata kosta iwe inapiga honi nje.

Kingine, Mac inaacha vifaili vyake kila folda, vinaanza na nukta na mstari ._ alafu jina la faili lako. Kwenye Windows unaviona, usishtuke sio virusi, na sio video zako zimejirudia. Ni vidogo lakini kwenye exFAT ya ukubwa huu kila faili inashika nafasi ya KB 128 hata kama yenyewe ni KB 4, kwa sisi wa video hiyo sio kitu, ila kama wewe kazi yako ni nyaraka ndogondogo elfu na elfu nafasi itaisha kabla hujaelewa imeendaje.

Na wateja. Mama mmoja wa Kibosho nilimpelekea harusi ya mwanae kwenye eksteno akopi nyumbani, kesho yake ananipigia, nikamwamkia, akasema "Marahaba kijana wangu, hii kitu yako TV inasema haina kitu, na shangazi zake wameshakaa hapa wanasubiri." TV yake haisomi exFAT. Nikajaribu kumuwekea kwenye fleshi ya FAT32 ambayo karibu kila TV inaisoma, faili ilikuwa GB 6 ikakataa kuingia, FAT32 faili moja haivuki GB 4 hata fleshi iwe tupu. Nikatoa video vipande viwili, kanisani na ukumbini, kila kimoja chini ya GB 4, nikapanda bodaboda jioni ile ile mpaka kwake. Shangazi walikuwa bado wapo. Sasa hivi kila mteja anapata fleshi ya namna hiyo na eksteno inabaki ya kazi.

Spidi kwangu imetosha, GB 120 kwenye tundu la bluu ni kama dakika 20, kwenye tundu jeusi la USB 2 karibu saa nzima, kwahiyo angalia unachomeka wapi. Ku-editi 4K moja kwa moja humo ndani hapana, itakukwamia, ni diski ya kuzunguka sio SSD (ile isiyozunguka, yenye kasi), kopi kwenye mashine fanya kazi alafu rudisha. Na ikiwa inazunguka usiisogeze, usiiweke juu ya spika.

Nimenunua ya pili mwezi uliopita, ileile 2TB, nikaifomati exFAT palepale kaunta kabla sijalipia na muuzaji akanivumilia. Moja inaenda Arusha nyingine inabaki Majengo. Waya wake ni ule mpana wenye kichwa kama vimeungana viwili, kwenye vibanda vya chaja za simu stendi sijaukuta, ukinunua diski chukua na waya wa akiba hapohapo.