Mji Mkongwe kwa mguu: siku mbili za makanisa, makumbusho na urojo

Ziara nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar huuzwa kama kazi ya saa tatu. Asubuhi mgeni huzungushwa vichochoroni, mchana hupelekwa mashamba ya viungo au kisiwa cha Changuu, na jua likizama yuko tena hotelini Nungwi. Huo ni mpango mbaya, na ubaya wake si haraka tu. Saa za mwendo huo ndizo zile makundi yote yanapokuwa mlango mmoja, na mgeni huondoka kabla chakula kizuri hakijaiva. Lala mjini usiku mbili na utembee kwa miguu, kwani kutoka mtaa wa Mkunazini hadi Forodhani, bustani ya kando ya bahari, ni mwendo mfupi hata ukipotea mara mbili njiani, na kupotea utapotea.

Anza na Kanisa Kuu la Anglikana, Mkunazini. Hapa ndipo penye thamani kubwa kuliko pote mjini, na panahitaji asubuhi nzima. Fika milango inapofunguliwa, kabla ya saa nne, maana baada ya hapo magari ya watalii huanza kushusha watu. Utaratibu ndio siri ya ziara hii: tangulia kwenye maonyesho ya biashara ya utumwa ndani ya jengo la St. Monica's, usome mabango bila haraka, kisha ingia kanisani. Waongozaji wengi hugeuza mpangilio huo kwa sababu vyumba vya chini ya St. Monica's huvutia picha. Mgeni hutoka na picha nzuri lakini hajui soko la watumwa lililokuwa hapo lilifungwa lini, wala kwa nini kanisa likajengwa papo hapo.

Soko lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash aliposaini mkataba kwa shinikizo la Waingereza, na mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Askofu Edward Steere, yuleyule aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili, ndiye aliyesimamia ujenzi, na amezikwa nyuma ya altare. Inua macho utazame paa: ni kuba refu la saruji na mawe ya matumbawe, jambo la kuthubutu kwa wakati ule. Tafuta duara la marumaru mbele ya altare, mahali panaposemwa kuwa nguzo ya kuchapia watumwa ilisimama. Tafuta pia msalaba uliochongwa kwa mti wa kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, ambako moyo wa David Livingstone ulizikwa. Nguzo fupi karibu na lango la magharibi zimesimamishwa kichwa chini, miguu juu. Nje kuna sanamu za Clara Sörnäs za mwaka 1998, watu watano shimoni wakiwa na minyororo shingoni. Simama hapo kimya, na kamera usiishike kwanza.

Kasoro ya ziara ya Mkunazini iko kwenye vile vyumba vya chini. Waongozaji husema kwa uhakika kwamba watumwa walirundikwa humo kabla ya mnada. Lakini jengo la juu lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa, na wanahistoria wameitilia shaka simulizi hiyo. Ingia uone, ila uzito wa mahali hapa uko kwenye maonyesho na kwenye ardhi yenyewe. Hauhitaji kuongezewa chumvi.

Chakula cha mchana kiko hapohapo mtaani. Mgahawa wa Lukmaan ni chaguo sahihi: vyakula vimepangwa mbele ya macho, unaonyesha kwa kidole, unapakuliwa. Chukua wali wa nazi na mchuzi wa pweza au samaki wa kupaka, na uende kabla ya watu kutoka sala ya adhuhuri. Ukichelewa, vyakula vizuri huwa vimekwisha na kiti cha kivulini hupati.

Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yosefu, lenye minara miwili, lilijengwa na wamisionari wa Kifaransa miaka ya 1890. Minara huonekana vizuri ukiwa baharini, lakini ukishaingia vichochoroni hupotea kabisa, basi uliza njia mapema. Mlango mkubwa mara nyingi hufungwa nje ya saa za ibada. Jaribu baada ya misa ya asubuhi, na Jumapili uende kama msali, si kama mtazamaji.

Kwa upande wa makumbusho, punguza matarajio. Beit al-Ajaib, jumba la Barghash la mwaka 1883, liliporomoka sehemu Desemba 2020, na tangu hapo limekuwa katika ukarabati, kwa hiyo panga kulitazama kwa nje. Jirani yake, Ngome Kongwe, haina kiingilio. Wengi huingia kununua vinyago na kutoka bila kujua kwamba Waomani waliijenga mahali palipokuwa na kanisa la Wareno.

Forodhani jioni ni pa kwenda, ila kula kwa kuchagua. Mishikaki ya pweza, ngisi na kamba hupangwa mezani mapema na kupashwa moto mara kadhaa, na inayobaki saa tatu usiku huwa migumu na yenye mashaka. Nenda magharibi inapoingia, uliza bei ya kila mshikaki kabla haujagusa moto, na ukatae sahani ya kuchanganyiwa. Usalama wako ni pizza ya Unguja, kwa sababu kinyunya husukumwa, hujazwa nyama ya kusaga, yai na vitunguu, na hukaangwa ukiwa umesimama pale. Juisi ya miwa iagize yenye tangawizi na ndimu, ikamuliwe mbele yako.

Urojo, ule mchuzi mzito wa Unguja wenye bajia na viazi, usiule Forodhani. Utafute mchana mitaani, kwenye foleni ya wenyeji. Ulio sawa una uchachu wa embe au ukwaju unaosikika, si uji wa unga wa manjano tu. Bajia, kachori na viazi viwe bado vina umbo, na chipsi za muhogo ziwekwe mwisho zisilainike.

Mambo machache huharibu safari hii bila sababu. Mabega na magoti yafunikwe mjini kote, si kanisani tu. Ijumaa mchana maduka mengi hufungwa, na mwezi wa Ramadhani migahawa mingi haiuzi mchana. Papasi wa bandarini, yaani wale wanaowaandama wageni kuwauzia huduma, wakatae kwa upole na mara moja tu, maana ukianza maelezo umeshaingia mazungumzo. Raia wa Tanzania abebe kitambulisho. Wageni wa kigeni wakate mapema bima ya lazima ya Zanzibar iliyoanza Oktoba 2024, kwa sababu bima ya safari waliyonunua kwao haichukui nafasi yake.