Simu ipi ununue Mombasa kama hutaki itoe siri zako

Ukisimama mbele ya duka la simu Digo Road au Moi Avenue, muuzaji atakutajia kamera, betri na GB. Orodha hii haikupangwa kwa hayo. Imepangwa kwa maswali mawili: kabla hujaishika simu hii, nani na nani wametia mkono ndani yake? Na matundu yake ya usalama yatazibwa hadi mwaka gani?

Swali la kwanza ndilo zito. Programu uliyoipakua mwenyewe unaweza kuinyima ruhusa au kuifuta. Iliyotiwa kiwandani, ndani ya sehemu ya mfumo, imeshapewa ruhusa kabla hujafungua boksi, na hata ukiifuta simu yote, nayo inarudi. Novemba 2016 kampuni ya Kryptowire ya Marekani iligundua kwamba simu ya bei nafuu ya BLU R1 HD ilikuwa na programu ya kusasisha mfumo iliyotengenezwa na Adups ya Shanghai. Kila baada ya saa 72 ilituma China maneno yote ya SMS na orodha ya simu zilizopigwa. Wenye simu hawakuulizwa. Agosti 2020 ikaja ya Tecno W2: kampuni ya Upstream ilikuta programu hasidi za Triada na xHelper ndani ya simu zilizouzwa Ethiopia, Misri, Ghana, Kamerun na Afrika Kusini, zikiwaandikisha watu huduma za kulipia bila habari yao na kuwala salio. Watengenezaji walisema zilipenyezwa na mmoja wa watoa huduma walio kati ya kiwanda na soko. Ndiyo maana tunauliza "nani na nani".

Wala usidhani simu ya bei ya juu ni bubu. Machi 2021 Douglas Leith wa Chuo cha Trinity, Dublin, alipima iPhone ya Apple na Pixel ya Google zikiwa zimelazwa tu mezani, akakuta kila moja inawasiliana na kampuni yake kwa wastani kila dakika 4 na nusu. Kwa hesabu yake Google ilikusanya takriban mara 20 ya Apple. Google ilipinga vipimo hivyo. Tofauti kati ya simu, basi, ni nani anayepokea, anapokea nini, na wewe unaweza kufunga mlango gani.

Dakika kumi za kaunta

Fanya haya kabla hujatoa pesa, kwa hotspot ya simu yako ya zamani. Piga *#06# na ulinganishe IMEI, namba ya utambulisho wa simu, na iliyo kwenye boksi. Ingia Mipangilio, kisha Kuhusu simu, usome tarehe ya sasisho la usalama la Android: ikiwa imepita mwaka na simu inasema hakuna sasisho jipya, rudisha. Fungua Play Store, bonyeza picha ya akaunti, ingia mipangilio yake na usome mahali pa Play Protect. Lazima iseme kifaa kimeidhinishwa. Simu bandia nyingi hunaswa hapo, hata ikiwa boksi lake linang'aa. Kisha tafuta orodha ya programu zenye mamlaka ya kusimamia kifaa. Kwenye simu mpya ya taslimu, ya kutafuta simu iliyopotea ndiyo pekee unayoitarajia. Ukiona jina usilolijua na muuzaji hawezi kulieleza, ondoka.

Jambo moja linaharibu yote haya: kumwachia kijana wa duka akufungulie akaunti ya Google "ili uende nayo tayari". Akitumia barua pepe yake au namba yake ya kurejesha nywila, ana ufunguo wa majina yako, picha zako na mahali ulipo. Fungua mwenyewe.

1. Pixel iliyowekwa GrapheneOS

Hii ndiyo ya kwanza bila shaka, ila si ya kila mtu. GrapheneOS ni Android isiyo na huduma za Google mpaka uziweke mwenyewe, na ukiziweka zinakaa kama programu ya kawaida ambayo unaweza kuinyima ruhusa. Inakubali Pixel tu, kuanzia ya 6. Za madukani kwetu nyingi ni mtumba wa Marekani, na hapo ndipo watu wanapoumia: zile zilizouzwa na Verizon, mtandao wa simu wa huko, zimefungwa zisiwekwe mfumo mwingine. Mtihani ni huu. Simu ikiwa imefutwa na imeunganishwa na intaneti, ingia Kuhusu simu, gusa namba ya muundo (build number) mara 7 ili chaguo za wasanidi zitokee, kisha tafuta humo swichi ya kufungua OEM (OEM unlocking), inayoruhusu kubadili mfumo. Ikiwa imefifia na haibonyezeki, hiyo haitapokea mfumo mpya, hata fundi akikuapia.

Angalia pia umri. Masasisho ya Google kwa Pixel 6a yanakoma Julai 2027, 7a Mei 2028, na Pixel 8 Oktoba 2030. Tungetoa pesa kwa 8. Betri za 7a zimewahi kuvimba, na joto la pwani halisaidii. Ilaze kifudifudi kwenye kioo cha kaunta uone kama mgongo umebenuka.

Kuweka mfumo kunataka kompyuta, waya mzuri wa USB na kama nusu saa kwenye ukurasa rasmi wa GrapheneOS. Kila kitu hufutwa. Mwishoni funga tena bootloader, programu ndogo inayouwasha mfumo. Anayeacha hatua hiyo ameacha mlango wazi. M-PESA kupitia menyu ya laini au *334# haitegemei programu yoyote, lakini programu za benki zinazodai cheti cha Google zinaweza kukataa kufunguka. Kama kazi yako ni ya benki kwa simu kutwa, shuka namba 2.

2. iPhone ya mtumba, kuanzia 12

iOS 26, mfumo wa iPhone, iliziacha XR na XS, kwa hiyo anayekuuzia hizo leo anakuuzia simu iliyofika mwisho wa njia. Apple inatengeneza simu na mfumo, hakuna mkono wa tatu kati yake na wewe, na tangu iOS 14.5 ya mwaka 2021 programu lazima ikuombe kabla ya kukufuatilia kwenye programu nyingine. Kataa kwa wote.

Kwenye kaunta, tazama juu kabisa ya Settings. Yakiwepo maandishi kwamba iPhone hii inasimamiwa na kampuni fulani, ilikuwa ya ofisi huko Ulaya au Marekani, na ofisi hiyo bado inaweza kuiamuru kwa mbali. Kuifuta hakutoshi, inajiandikisha tena. Mwambie muuzaji aifute mbele yako na uianzishe mwenyewe, maana hapo ndipo akaunti ya mwenye zamani hujitokeza.

Kasoro yake kubwa iko iCloud, hifadhi ya Apple ya mtandaoni. Nakala ya hifadhi ya kawaida, pamoja na jumbe zako, Apple ina ufunguo wake. Washa "Advanced Data Protection" ndani ya iCloud ili ufunguo ubaki kwako, uandike ufunguo wa dharura kwenye karatasi na uuweke nyumbani.

3. Samsung Galaxy A16, mpya na ya taslimu

Kwa mtu wa kawaida anayetaka risiti na simu isiyopita mikono mingi, hii ndiyo tunayoipendekeza. Samsung imeahidi A16 miaka 6 ya masasisho ya usalama. A06 ni miaka 4, nayo si mbaya.

Samsung nayo hutuma data, na sehemu kubwa unaikubali mwenyewe siku ya kwanza ukibonyeza "kubali yote". Usibonyeze. Tia alama kwenye masharti ya lazima tu, uache ya taarifa za uchunguzi na ya kubinafsisha huduma. Kisha kuna programu tatu za Facebook zilizofichwa kwenye mfumo, hata kama huna akaunti ya Facebook. Kwa kompyuta yenye adb, zana ya kuiamuru simu ya Android kupitia waya wa USB, andika:

adb shell pm uninstall --user 0 com.facebook.appmanager

Rudia kwa com.facebook.services na com.facebook.system. Hazifutiki kabisa, zinaondolewa kwa mtumiaji wako, na zitarudi ukiifuta simu. Usiguse jina usilolijua. Ukiondoa com.android.systemui au com.android.phone kwa bahati mbaya, simu itabaki ikijiwasha na kujizima.

4. Redmi, Realme, Tecno, Infinix na wenzao, mpya na za taslimu

Hapa ndipo bajeti ya wengi ilipo, kwa hiyo hatusemi usinunue. Sema tu ujue unachonunua. Oktoba 2021 watafiti wa Trinity na Chuo Kikuu cha Edinburgh walikuta simu ya Xiaomi ikituma taarifa za kila ukurasa wa programu uliofunguliwa, saa ngapi na kwa muda gani. Kwenye simu walizopima za kampuni kubwa, mtumiaji hakuwa na njia ya kujitoa.

Kwa hiyo punguza. Kitu cha kwanza ni kibodi, kwa sababu kila unachokiandika hupitia hapo. Weka kibodi ya HeliBoard kutoka F-Droid, duka la programu huria. Haina ruhusa ya intaneti, hivyo haina pa kupeleka. Cha pili ni kivinjari kilichokuja na simu: kizime, tumia Firefox. Kwenye Redmi, zima mpango wa kuboresha matumizi na uiondolee idhini programu ya matangazo iitwayo msa. Mara nyingi hukataa mara ya kwanza, jaribu tena mpaka ikubali. Kwenye Tecno na Infinix anza kwa kuzima Palm Store, duka lao la programu, na kivinjari cha Phoenix.

5. Simu ya mkopo, bila kujali jina lake

Lipa kidogo kidogo imewapa simu watu wa Likoni, Changamwe na Kisauni ambao wasingeipata, na hatuwalaumu. Lakini A16 ileile ya namba 3 inashuka hadi hapa ikinunuliwa kwa mkopo. Kifungio cha mkopeshaji kinakaa chini kabisa ya mfumo, chenye uwezo wa kuifunga simu kwa mbali ukichelewa, na huwezi kukitoa mpaka deni liishe.

Uliza kabla ya kutia saini: programu yenu inataka ruhusa gani? Kufunga simu hakuhitaji SMS wala majina ya watu wako. Mei 2023 Google ilizizuia programu za mikopo zilizoko Play Store kugusa picha na majina, lakini iliyotiwa dukani kwa mkono haikupita lango hilo. Nyima chochote kinachonyimika. Deni likiisha, dai kuthibitishiwa kwa maandishi kwamba kifungio kimetolewa, halafu ifute simu yote na uangalie tena orodha ya wasimamizi wa kifaa.

6. Isiyo na jina, au ya jina kubwa kwa bei ya ajabu

Usinunue. Hakuna atakayeziba tundu lake, na hujui nani aliupika mfumo wake.

Na kitochi? Kwa siri ya kawaida kinafaa, lakini 2021 mtafiti mmoja Urusi alikuta baadhi ya vitochi vikituma SMS za siri zenye IMEI bila mwenyewe kujua. Salio likipungua bila sababu, omba mtandao wako orodha ya matumizi.

Usiku wa kwanza nyumbani

Kwa Android zote: Mipangilio, Google, Matangazo, kisha futa kitambulisho cha matangazo. Kwenye DNS ya faragha, mpangilio wa mtandao unaosema nani ataitafutia simu anwani za tovuti, andika dns.adguard-dns.com, inaziba seva nyingi za matangazo na ufuatiliaji, ila si ile programu inayotumia njia yake yenyewe. Kwa hiyo ongeza NetGuard, inayoweza kuikatia programu moja moja intaneti bila ku-root, yaani bila kuvunja kufuli la mfumo. Baada ya wiki fungua Dashibodi ya Faragha, iliyopo tangu Android 12, uone nani aligusa maikrofoni na mahali ulipo. Tochi haina sababu ya kujua kwamba uko Mtwapa.

Risiti iandikwe IMEI, tarehe na jina la duka. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inamtaka mkusanyaji athibitishe kwamba ulikubali, na wewe unaweza kuondoa idhini wakati wowote. Mwishoni mwa 2022 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni ya simu ya OPPO Kenya faini ya shilingi milioni 5 kwa kutumia picha ya mtu bila ridhaa yake. Lalamiko hupelekwa kwa ofisi hiyo mtandaoni, bila malipo, na sheria inaipa siku 90 kulimaliza. Ambatisha risiti, picha ya ukurasa wa ruhusa na orodha ya NetGuard inayoonyesha programu ilikuwa ikiwasiliana na nani.